Ngoma Ilipanda Basi Ikaja Nairobi

Filamu ya The Constant Gardener ilipotoka mwaka 2005, Kibera ilionekana katika kumbi za sinema za dunia nzima: reli, mabati, njia nyembamba zenye mitaro. Waliotazama walisikia pia nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Aliyeipiga ni Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956, akiimba “Kothbiro”, wimbo wa Kijaluo kuhusu mvua inayokuja. Mtazamaji wa London au Tokyo huenda alidhani kwamba mwongozaji, Fernando Meirelles, aliitoa ala hiyo mbali huko kando ya Ziwa Victoria akaibandika juu ya picha za Nairobi. Kuhusu asili yake hakukosea. Ila nyatiti ilikuwa imehamia mjini miaka mingi kabla ya kamera kufika, kwa njia ileile iliyowaleta wapigaji wake: gari-moshi la Kisumu, kisha basi la usiku.

Lindi ni kimojawapo cha vijiji vinavyofanya Kibera, na tangu mwaka 2013 ni jina la wadi pia katika eneobunge la Kibra, pamoja na Laini Saba, Makina, Sarang'ombe na Woodley. Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, upande wa kaskazini-magharibi, iko Kawangware, ambako Waluhya ni wengi kiasi kwamba mgeni akishuka stendi ya matatu namba 46 husikia Kiluhya kabla hajasikia Sheng. Mitaa hii miwili huandikwa sana magazetini kwa habari za moto, mafuriko, maji na ubomoaji. Ni nadra kutajwa kuwa mahali pa kujifunzia muziki wa asili. Anayetafuta muziki huo huambiwa apande gari aende ushago, Siaya au Kakamega, amtafute mzee chini ya mti.

Ushauri huo una ukweli wake, lakini unaanza kupwaya mara tu mtu anapokutana na Wanubi.

Wanubi wa Kibera ni wazawa wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Walikaa hapa, wakati huo pakiwa msitu, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi kwamba ardhi hiyo ni hifadhi ya jeshi. Walisubiri hadi mwaka 2017 ndipo wakapewa hatimiliki ya jumla ya ekari 288. Wako Wanubi wengine Kenya, na wengi zaidi Uganda, hasa Bombo, ila familia ya Kinubi ya Makina au Lindi haina ushago mwingine wa kurudi Krismasi. Ushago ni hapa. Harusi inapofika, wanawake hujifunga vazi la gurbaba na kucheza dholuka, ngoma yao yenye nyimbo za Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini. Mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine aliiandikia lugha hiyo kitabu kizima mwaka 1982, na jina la Kibera limo kwenye jalada. Kwa muziki huu ule mti wa mzee haupo Siaya wala Kakamega. Uko nyuma ya mabati, karibu na msikiti.

Kwa Wajaluo na Waluhya hali ni tofauti kidogo, maana wao wana kwao kwingine na hurudi huko. Kinachosahaulika ni kwamba kurudi huko ndiko kunakoilisha ngoma. Mtu akifariki Kawangware, jamaa na majirani hukutana jioni baada ya jioni kuchanga nauli, jeneza na chakula, kisha basi huondoka na mwili kwenda Magharibi. Hapo ngoma ya isukuti huitwa kazini. Huitwa pia kwenye harusi, sherehe za kanisa, mechi za mpira na, kila baada ya miaka mitano, kwenye mikutano ya kampeni, pale mgombea anapogundua ghafla kwamba anaupenda sana utamaduni.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Magogo matatu yaliyochimbwa ndani, kubwa, la kati na dogo, hupigwa kwa pamoja na kwa kawaida na wanaume. Husindikizwa na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wachezaji hujipanga safu ya wanaume na safu ya wanawake, na mabega hufanya kazi kuliko miguu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ambayo si ile orodha ya kujivunia tu. Sababu zilizotolewa zinaeleweka na yeyote aliyewahi kuongoza kikundi cha ngoma: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha za kutengeneza ala na mavazi hazipo, watunzi wanakimbilia muziki unaolipa, na wenye sherehe wanaleta burudani ya kisasa badala ya ngoma.

Hapo pana jambo linalostahili kutazamwa vizuri. Kama tatizo ni malipo, basi mahali ambapo ngoma bado inalipwa ni mahali muhimu kwa uhai wake kuliko makumbusho. Kijana wa Kawangware anayepiga isukuti Jumamosi kwenye mchango wa mazishi na Jumapili kanisani anaihifadhi ngoma hiyo bila ruzuku ya mtu. Huenda ameipunguza, huenda anaichanganya na kibodi, huenda mjomba wake wa Shinyalu akimsikia atatikisa kichwa. Lakini anaipiga kila wiki, na mdogo wake anamtazama mikono.

Nyatiti inaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Ina nyuzi nane, nne upande wa kushoto na nne upande wa kulia, zilizofungwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi sana, ala ikiwa imelazwa ubavu mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo hugonga mti wa ala na kutoa mdundo. Mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma, mpiga njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe; leo ni nailoni ya wavuvi. Orutu, zeze la uzi mmoja, nayo hutumia uzi uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Hakuna aliyeitisha semina kuamua mabadiliko hayo. Mafundi walitafuta kisichokatika ovyo na kinachopatikana dukani.

Onyesho la nyatiti lina desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji humsimamisha mpigaji katikati ya wimbo, hutoa pesa, kisha hujisifu au kumsifu rafiki yake, ukoo wake au mkewe kwa maneno ya kuchekesha na ya kujigamba. Mpigaji hujibu, hucheka, huendelea, husimamishwa tena. Wimbo mmoja unaweza kumeza saa nzima. Humo ndimo mpigaji anamopata riziki yake, na humo ndimo hadhira inamokuwa sehemu ya utunzi.

Sasa mtu na aichukue desturi hiyo aiingize kwenye santuri ya mizunguko 78, ambayo uso wake mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Pakruok inabaki nje ya mlango. Ndivyo sehemu kubwa ya muziki wa Afrika ilivyoingia kwenye kumbukumbu: nyimbo zilizokatwa miguu ili zitoshe kitandani.

Wazungu waliokuja na vinasa sauti walianza mapema. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka Leipzig, alishuka katika Lindi ile nyingine, bandari ya kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa na mashine ya silinda za nta. Alielekea Masasi na Newala akinasa nyimbo njiani. Silinda za enzi hiyo zilibeba dakika chache tu, na zilichakaa kila zilipochezwa. Zilizosalia Berlin ziliingizwa mwaka 1999 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, kwa maana hiyo watu wa Berlin wanaweza kusikia mababu wa kusini mwa Tanzania kwa urahisi kuliko wajukuu wao.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, akahamia Rhodesia Kusini akiwa kijana, na mwaka 1954 akaanzisha Afrika Kusini taasisi ya ILAM, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Mwaka 1950 alizunguka Afrika Mashariki akirekodi. Huko Kapkatet, katika eneo la Kericho, wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo uitwao “Chemirocha”. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Kericho pamoja na gramafoni. Wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa na kumwalika acheze nao. Mtafiti aliyekuja kutafuta Afrika ambayo haijaguswa alikuta Mississippi imeshakaribishwa, imekalishwa na kupewa jina la Kikalenjin.

Mwaka 2014 nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kenya. ILAM, wakati huo ikiongozwa na Diane Thram, ilishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music kuwatafuta waliorekodiwa na jamaa zao. Miongoni mwa waliopatikana alikuwamo mzee aliyeimba mbele ya kinasa sauti hicho ujanani. Uganda nayo imepitia hatua kama hiyo: rekodi alizofanya mtafiti Klaus Wachsmann miaka ya 1940 na 1950 zimewekwa tena Makerere kwa juhudi za mwanamuziki na msomi Sylvia Nannyonga-Tamusuza.

Ketebul yenyewe ilianza mwaka 2007 katika kituo cha sanaa cha GoDown, eneo la viwanda la Nairobi. Mwaka 2008 ilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi inayofuatilia jinsi vidole vya mpiga nyatiti vilivyohamia kwenye gitaa na kuzaa benga ya akina D.O. Misiani. Baadaye, pamoja na Abubilla Music ya Uingereza, ilianzisha Singing Wells, mradi unaobeba studio garini na kurekodi vikundi vijijini, kwa sauti na picha. Tofauti na zama za santuri, wimbo huachwa uende unakotaka kwenda. Mpigaji naye huulizwa jina.

Kuuliza jina ni jambo dogo linalobeba kazi nzima. Rekodi isiyo na jina la mpigaji, mahali, tarehe, lugha na shughuli iliyokuwa ikifanyika haimsaidii mtafiti kitu baada ya miaka 50. Wimbo wa kubembeleza mtoto na wimbo wa kumlilia marehemu zinaweza kufanana kabisa sikioni mwa mgeni. Maelezo hayo huandikwa siku ileile. Mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka ni nani aliyeshika pembe.

Kenya yenyewe haikukaa ikisubiri watafiti wa kupita. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilitakiwa kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto uliotoka kwa Meza Moroa Galana wa Mto Tana. Mtoto wa Lindi anayesimama gwaride la Jumatatu asubuhi anaimba muziki wa asili uliohifadhiwa, na pengine ndio uliohifadhiwa vizuri kuliko wote nchini. Wengi wa kamati ile hawakuishia hapo. Hyslop aliandika juu ya ala za Afrika Mashariki. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alitoa Folk Music of Kenya mwaka 1986. Omondi alifanya utafiti wake wa udaktari Chuo Kikuu cha London juu ya nyatiti, akawa nguzo ya idara ya muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, na akaongoza tume ya rais ya muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984.

Msomi wa muziki wa asili hufanya nini hasa? Husikiliza na kuandika noti, ingawa noti za Kizungu hazitoshi, kwa kuwa nyuzi za nyatiti hazikutegwa kwa kufuata piano. Hupima umbali kati ya sauti na sauti. Huuliza nani anaruhusiwa kupiga, na kwa nini. Njia inayoheshimiwa zaidi siku hizi ni kujifunza kupiga. Mjapani Eriko Mukoyama alikwenda Siaya akawa mwanafunzi wa Okumu K'Orengo, akaitwa Anyango, na akaipiga hadharani ala ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Tangu hapo mwanamke wa Nyanza anayeshika nyatiti au orutu hukuta mlango umeshafunguliwa kidogo, japo inakera kwamba mgeni alivumiliwa mapema kuliko binti wa nyumbani.

Kwa watoto wa Lindi na Kawangware, darasa kubwa ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Kila mwaka shule hufunza nyimbo za jamii mbalimbali, na si ajabu mtoto wa Kikamba kuimba Kiluhya kwa ufasaha kwa wiki sita. Faida yake ni kubwa: ala zinanunuliwa, mkufunzi analipwa, nyimbo zinasikika. Hasara ni kwamba jaji ana saa mkononi. Ngoma ya usiku kucha hupunguzwa ikawa ya dakika chache, mistari hunyooshwa, sare zinafanana, na yale matani ya papo kwa papo hufutwa kwa hofu ya kupoteza alama. Santuri ya 78 imekufa, lakini saa yake bado inaishi.

Ala nazo zina shida zake. Ngoma za ohangla za Wajaluo ziliwambwa ngozi ya kenge. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kushika nyara za mnyama wa porini bila kibali. Fundi wa mjini hutumia ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, ambayo si tabu kuipata kwa kuwa machinjio ya Dagoretti hayako mbali na Kawangware. Sauti hubadilika. Huu ni mgongano ambao watunga sheria wa pande mbili hawajaukalia meza moja: mmoja analinda mnyama, mwingine analinda ngoma.

Kanda za zamani zina hatari nyingine. Utepe wa sumaku huoza, mashine za kuuchezea zimekuwa adimu, na hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja kuinakili. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza nakala ya biti 24 kwa angalau kilohezi 48, isiyobanwa. Simu ya kawaida haifiki hapo, lakini rekodi ya simu yenye maelezo kamili ni bora kuliko kimya. Simu ina jambo moja ambalo santuri ya 78 haikuwa nalo: haichoki baada ya dakika tatu. Pakruok nzima ya Jumamosi usiku, pamoja na vicheko, malipo na mbwa anayebweka, inaweza kuingia.

Limebaki swali la mwenye mali. “Kothbiro” iliimbwa kwanza na bendi ya Black Savage katika miaka ya 1970, Ogada akiwa mmoja wao. Ikaja kwenye albamu yake En Mana Kuoyo mwaka 1993, kisha kwenye filamu, na mwaka 2018 Kanye West akaitumia rekodi ya Black Savage katika “Yikes”. Hapo watunzi wanajulikana, na sheria ya hakimiliki inajua pa kuanzia. Mdundo wa isukuti hauna mtunzi mmoja. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuzilipa jamii utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kijadi. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kutunza rejista ya sanaa za jamii zilizomo ndani ya mipaka yao.

Waliotunga maneno hayo bila shaka walikuwa na Kakamega akilini kwa isukuti, na Siaya au Homa Bay kwa nyatiti. Kwa dholuka ya Wanubi hakuna kaunti ya kusingizia. Wa kuiandika ni Kaunti ya Nairobi, na mahali pa kwenda na daftari ni Makina na Lindi, siku ya harusi, baada ya kuwaomba ruhusa wenyewe.